Utafiti mpya wa sayansi: maswali tunayoulizwa kila mara Pemba

Mimi nasomesha fizikia na hisabati sekondari hapa Chake Chake. Maswali haya sikuyatunga. Ndiyo yanayorudi kila wiki: darasani, barazani baada ya Alasiri, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mengine nimeulizwa ndani ya boti ya kwenda Unguja. Nimeanza na ya msingi, yale yanayotaka kituo, yaani kutulia na kufikiri, yako mwishoni.

## Mambo ya mwanzo

Redio ikisema "wanasayansi wamegundua", niamini nini?

Amini kwamba mtu amesema ameona kitu. Kama wengine nao wamekiona, hilo bado hujaambiwa. Mimi huuliza mambo matatu. Kimeonekana wapi: ndani ya chupa ya maabara, kwa panya, au kwa binadamu? Binadamu wangapi? Na nani mwengine amerudia kazi ile ile akapata jibu lile lile?

Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza wametengeneza kitu walichokiita LK-99, kinachopitisha umeme bila kupoteza hata chembe, tena kwenye joto la kawaida la chumbani. Ingekuwa kweli, nyaya za umeme duniani zingebadilika. Maabara za nchi nyingi zilikimbilia kukitengeneza, na ndani ya wiki chache jibu likawa wazi: hakina sifa hiyo. Vijana wangu wengi walisikia habari ya kwanza, ya pili haikuwafikia. Ndiyo maana nasema subiri kurudiwa.

Kwa nini leo wanasema kitu ni dawa, kesho wanasema kinadhuru?

Kwa sababu leo wameangalia watu mia, kesho wanaangalia watu elfu ishirini. Na mfano mkubwa kuliko wote ninaoujua umetoka hapa hapa Pemba.

Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa ni jambo lisilo na mjadala: mtoto mwenye upungufu wa damu apewe madini ya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliandikisha kisiwani kwetu watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Kwa njia ya kura wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo hivyo pamoja na zinki, na wengine kidonge cha sura ile ile kisicho na dawa ndani. Mzazi hakujua mwanawe amepata kipi, na aliyegawa naye hakujua. Agosti 2003 bodi huru ya usalama ilifungua hesabu na kusimamisha vidonge vya chuma. Waliovipata walikuwa wakiugua vibaya, kiasi cha kulazwa au kufariki, kwa asilimia 12 zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la tiba la Lancet.

Utafiti wa aina hiyo ulifanywa pia Nepal, mahali pasipo na malaria, na madhara hayo hayakuonekana. Tofauti ilikuwa malaria. Hata hapa Pemba, katika kikundi kidogo kilichofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Kwa hiyo chuma chenyewe si sumu. Hatari ilikuwa kukigawa kwa kila mtoto, malaria ikiwa imejaa na tiba iko mbali. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake, na leo penye malaria chuma hutakiwa kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Mtoto wa Uganda au Burkina Faso anayepewa chuma kwa hadhari hiyo analindwa na kilichojulikana katika vijiji vyetu. Nikilieleza hili darasani sauti hunibadilika, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wangu mama zao walikuwa wakizaa na kulea miaka ile ile.

Basi ni kweli wanatufanya panya wa majaribio?

Swali hili naliheshimu, maana historia ina uovu wa kweli. Tuskegee, huko Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari waone ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana.

Kanuni za leo zimezaliwa na mambo kama hayo. Zanzibar ina kamati yake ya maadili ya utafiti wa afya, na utafiti wa binadamu haufanywi bila kupita huko. Wewe una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili unachokielewa, kukataa bila kunyimwa matibabu, na kujitoa katikati bila kutoa sababu. Ile bodi iliyosimamisha chuma mwaka 2003 ilikuwa ni sehemu ya kinga hiyo, na ilifanya kazi. Mtu akikuharakisha uweke saini kabla hujasomewa karatasi ya ridhaa, usiweke.

## Tiba

Wale wa maabara ya Wawi wanafanya nini hasa? Kila mara wanataka vinyesi vya watoto.

Maabara ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi, yenye jina la Ivo de Carneri, Mtaliano aliyekuwa mtaalamu wa vimelea, imekuwepo tangu mwaka 2000. Sehemu kubwa ya kazi yake ni minyoo na kichocho, maradhi ambayo matajiri wa dunia hawaugui na kwa hiyo dawa zake hazina haraka kwa watengenezaji.

Kipimo chenyewe niliwahi kukishuhudia, na nakieleza kwa sababu watu hudhani ni mchezo. Kinyesi hukamuliwa kwenye wavu laini, kikajazwa katika tundu dogo la kipimo linalobeba miligramu 41.7, kisha kikafunikwa kwa kipande cha selofeni kilicholowa gliserini ya rangi ya kijani. Ukiinamia hadubini, yai la minyoo mjeledi unalitambua mara moja: pipa dogo la hudhurungi, lenye kizibo kinachong'aa kila ncha. Yai la safura lina ganda jembamba kama kioo na mtaalamu anakimbizana nalo, kwa sababu gliserini hulififisha. Slaidi ikikaa muda mrefu yai halionekani tena, na mgonjwa ataandikwa mzima. Mayai yakishahesabiwa, idadi huzidishwa kwa 24 kupata mayai ya gramu moja. Kwa nini 24? Gawa 1,000 kwa 41.7. Hesabu ya darasa la sita.

Faida yake ni hii. Vidonge vya albendazole wanavyopewa watoto skuli huondoa mchango vizuri sana, lakini minyoo mjeledi huvishinda. Utafiti uliofanywa hapa Pemba na kuchapishwa mwaka 2023 ulijaribu emodepside, dawa iliyokuwa ikitumika kwa wanyama, kwa watu wazima waliokubali. Waliopewa albendazole waliopona minyoo mjeledi hawakufika wawili katika kila kumi. Emodepside, hata kwa dozi ndogo kabisa iliyojaribiwa, iliwaponya zaidi ya wanane katika kila kumi. Bado ni hatua ya katikati na dukani huikuti. Lakini ndiyo habari yenye matumaini zaidi juu ya mnyoo huyu kwa muda mrefu, na imetoka kwenye slaidi za Pemba.

Chanjo ya kipindupindu ya kunywa inafaa kitu?

Inafaa, na ushahidi wake mmoja mzito ni wa visiwa vyetu. Mwaka 2009 ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na kipindupindu kilipokuja baadaye waliokunywa dozi zote mbili walikuwa wamekingwa kwa asilimia 79. Hata wasiokunywa, wakiwa wamezungukwa na waliokunywa wengi, waliugua kwa nadra zaidi. Maji safi na choo havina mbadala, lakini chanjo huokoa watu wakati mabomba yanasubiriwa.

Malaria Zanzibar imekwisha?

Haijakwisha, imepungua mno. Tangu 2003 Zanzibar inatumia dawa mseto zenye artemisinin, ambayo ilipatikana China na kumpa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Baadaye vikaja vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani, na maambukizi yakashuka chini ya asilimia moja. Lakini mbu bado wapo, boti zinakwenda na kurudi kila siku, na mtu anaweza kubeba vimelea bila homa.

Njia mpya zinaendelea kujaribiwa. Mwaka 2019 droni zilinyunyizia mabonde ya mpunga ya Cheju, Unguja, kimiminika kinachotanda juu ya maji kama utando mwembamba. Viluwiluwi vya mbu hushindwa kuvuta pumzi, na hakuna sumu inayoingia shambani. Chanjo nazo zipo mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani: RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Bagamoyo, ng'ambo tu ya maji yetu, palikuwa miongoni mwa vituo vya kujaribia R21. Zimeelekezwa zaidi kwa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kwa hiyo usihesabu kwamba ulinzi wako wewe ni sindano. Lala ndani ya chandarua.

Nimesikia siko seli sasa inatibika moja kwa moja. Kweli?

Kweli kwa wachache. Mwisho wa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Madaktari huchukua seli zinazozalisha damu kutoka kwa mgonjwa, hukata vinasaba vyake kwa kifaa kiitwacho CRISPR (Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2020), na kuuamsha mwili utengeneze tena damu ya aina ya mtoto aliye tumboni, ambayo haijipindi mundu. Kabla ya kurudishiwa seli hizo mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Mzazi akiniuliza, namwambia habari iliyo karibu naye zaidi ni hydroxyurea. Ni kidonge cha zamani, na utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kinapunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo kwa watoto wetu wa Afrika. Muulize daktari hicho kwanza.

Sindano ya UKIMWI ya kila miezi sita ni chanjo?

Si chanjo. Lenacapavir ni dawa ya kinga inayokaa mwilini muda mrefu. Ukiacha kuchoma, kinga inaondoka. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda mwaka 2024, wanawake zaidi ya 2,100 waliipata na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

## Fizikia

Wazee wanasema mbung'o walikuwepo Unguja. Waliondokaje?

Waliondolewa kwa mionzi, na nchi nyingi huja kujifunza jambo hili. Mbung'o wa Unguja walikuwa wa aina moja tu, Glossina austeni, na waliwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na hazai mayai mamia kama mbu. Huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi. Hapo ndipo penye udhaifu wake.

Kwanza walipunguzwa kwa dawa zilizopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vya kuwanasia. Kisha huko Tanga walifugwa mbung'o kwa wingi, madume wakapigwa mionzi ya gamma kwa kipimo kinachoua uzazi bila kuua nguvu ya kuruka. Kuanzia 1994 ndege ziliwamwaga juu ya kisiwa, Jozani na kwengineko, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Jike mwitu akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Idadi ya tasa ikizidi sana ile ya madume wa mwituni, kila kizazi kinakuwa kidogo kuliko kilichopita mpaka kinafika sifuri. Hiyo ni hisabati tupu. Mbung'o mwitu wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Bahari ilisaidia: hakuna wa kuruka kutoka bara kuja kujaza nafasi.

Mionzi haikubaki msituni. Mdudu aliyepigwa gamma habebi mionzi, kama vile mtu aliyepigwa eksirei haondoki nayo.

Wamepigaje picha ya shimo jeusi kama mwanga hautoki?

Kilichoonekana ni gesi ya moto inayolizunguka, na giza katikati yake. Picha ya kwanza ilitolewa Aprili 2019, ya shimo lililoko katika galaksi ya M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa. Darubini za redio za mabara mbalimbali zilisikiliza kwa pamoja, zikafanya kazi kama darubini moja ya ukubwa wa dunia.

Umeme wa muungano wa nyuklia, ule wa kama jua, tutaupata lini?

Pemba tunapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa hiyo naelewa hamu hii. Tarehe 5 Desemba 2022, huko California, leza ziliingiza megajuli (kipimo cha nishati) 2.05 kwenye kidonge cha haidrojeni na kukatoka 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka zaidi ya kilichoingia. Lakini mitambo ya leza yenyewe ilikula kiasi cha megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Paneli za jua juu ya paa ziko karibu nasi zaidi.

## Hisabati

Hisabati si ilikwisha zamani? Kuna nini cha kutafiti?

Namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, hazina mwisho. Euclid alithibitisha hilo miaka zaidi ya 2,200 iliyopita. Oktoba 2024 ilitangazwa kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana, yenye tarakimu 41,024,320. Ukiisoma tarakimu moja kwa sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku 475 hivi.

Ninalolipenda zaidi ni la vigae. Kwa miongo mingi watu walitafuta umbo moja la kigae linaloweza kufunika sakafu yote bila pengo, na bila mchoro wake kujirudia kamwe. Mwishoni mwa 2022 David Smith, Mwingereza mstaafu asiye mwanahisabati wa kazi, alilipata kwa kuchezea maumbo na kukata makaratasi. Wenzake watatu wakasaidia kuthibitisha, na Machi 2023 likatangazwa. Lina pande 13 na limeitwa kofia. Nimewakatisha wanafunzi wangu makofia hayo kwa maboksi ya biskuti, na kipindi kilipokwisha hawakutaka kutoka.

Lakini ina faida gani kwa mvuvi?

Bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na siku za maji madogo. Kinamama wa mwani hujua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hupwa mbali sana, na kwamba kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Hisabati huyachambua maji ya bahari kuwa mawimbi mengi madogo, la jua na la mwezi kila moja na mwendo wake, halafu huyajumlisha upya kwa siku zijazo. Mwaka 1872 mwanafizikia Kelvin alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyofanya kazi hiyo. Jedwali la maji ukutani kwa nahodha limetokana na hesabu hizo hizo.

## Kompyuta

Akili mnemba inagundua kweli au inakopi?

Yapo mambo imeyafanya ambayo binadamu hakuyaweza kwa kasi ile. Protini ni mnyororo unaojikunja, na kujua umbo la moja kuliweza kumla mtafiti miaka. Programu ya AlphaFold ilikadiria maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 kufikia 2022, na Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobel ya Kemia mwaka 2024 pamoja na David Baker. Mwaka 2025 programu mbili zilifikia alama za medali ya dhahabu, 35 kati ya 42, kwa maswali ya Olimpiadi ya Hisabati ya wanafunzi. Lakini umbo lililokadiriwa bado hupimwa maabara, na uthibitisho bado husomwa na watu.

Naweza kuiuliza dozi ya dawa ya mtoto wangu?

Hapana. Niliwahi kuiuliza programu moja juu ya utafiti wa chuma wa Pemba, ikanipa kichwa cha makala, mwaka, hata kurasa, kwa ufasaha mtupu. Nilitafuta makala hiyo, haipo. Mimi nilikuwa na muda wa kutafuta. Mzazi mwenye mtoto wa homa usiku hana. Nenda kituo cha afya.

Kompyuta za kwantamu zitafungua siri za benki?

Hizi ni kompyuta zinazohesabu kwa kanuni za chembe ndogo kabisa, na zilizopo haziwezi. Lakini mwaka 1994 Peter Shor alionyesha njia ambayo kompyuta kubwa ya aina hiyo ingevunja kufuli za kuficha siri zinazotegemea ugumu wa kuzigawa namba kubwa katika namba tasa zake. Kwa hiyo Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vya kufuli mpya. Kazi yako wewe ni kusasisha simu na kutompa mtu namba ya siri.

## Yanayotaka kituo

Kama hesabu zinajua kupatwa kwa jua kwa sekunde, kwa nini tunabishana mwezi mwandamo?

Kwa sababu ni maswali mawili. Saa ya mwezi kupita baina yetu na jua inajulikana barabara. Kupatwa kwa tarehe 1 Septemba 2016 kulikadiriwa miaka mingi kabla na kukaja kwa wakati wake. Lakini kuonekana hilali ni jambo la jicho: mwezi umeachana na jua kwa digrii ngapi, uko juu kiasi gani Magharibi ikiingia, hewa ina ukungu au la. Ukiwa karibu na jua chini ya digrii saba hivi, hakuna anayeuona kwa macho matupu. Hesabu inaweza kukuambia usiku ambao kuuona hakuwezekani, na usiku ambao ni rahisi. Katikati pana usiku wa shaka.

Kama mwandamo wa nchi nyengine unatosha kwetu, hilo ni la kifikihi na wenyewe ni masheikh. Mimi nitakueleza mwezi uko wapi angani, basi.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anayapenda haya. Aanzie wapi bila kuondoka Zanzibar?

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo, Taasisi ya Karume ipo Mbweni kwa ufundi, na tangu 2023 IIT Madras ya India ina kampasi yake Bweleo inayofundisha sayansi ya data na akili mnemba. Kikwazo ninachokiona zaidi ni Kiingereza cha vitabu kuliko hesabu zenyewe; mruhusu alielewe jambo kwa Kiswahili kwanza.

Kabla ya vyuo, mpe daftari na saa. Aende ufukweni mwezi mmoja mzima, aandike kila siku maji yamejaa saa ngapi, na pembeni achore sura ya mwezi. Dakika zile 50 atazipata mwenyewe, na kuna siku hazitatimia 50, nyengine zitazidi. Akija kuniuliza kwa nini, nipo skuli kila siku mpaka saa tisa.